Ruta Mpya na Treni ya Saa Kumi

Kila siku saa kumi alasiri treni hupita sebuleni kwetu. Sauti yake tunaipunguza, lakini vikombe vya kabatini huisikia, na pazia la dirisha la magharibi hutikisika kidogo kama linapungiwa mkono.

Ni kipindi cha televisheni. Wamefunga kamera mbele ya treni ya nchi ya mbali, nchi ya theluji na misonobari, nayo inakwenda tu, saa nzima, bila mtu kusema neno. Hakuna habari, hakuna anayegombana na mke mwenza. Reli inakuja, inapita chini yetu, nyingine inakuja. Mgeni akikaa nacho dakika tano anasinzia. Mume wangu, Osea, hukitazama akiwa ameketi wima ukingoni mwa kochi, mikono magotini, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa gadi wa treni za Tazara miaka ishirini na saba, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera, ambaye asipotoa bendera ya kijani dereva haondoki. Kwake kile si kipindi. Ni zamu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu akili yake ianze kutoka nje bila kuaga. Ilianza na majina ya majirani, ikafuata njia ya shambani, mwisho zamu ikanifikia mimi. Asubuhi huniita mama, kwa heshima kabisa, kama anayemsalimia mke wa mwenzake kazini. Siku nyingine hunipa na shikamoo, nami naitikia marahaba, nitafanyaje. Lakini saa kumi treni ikianza, anarudi. Theluji yote ile yeye haioni. Anaona njia ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma, hii ya huku kwetu, na anataja stesheni zake moja moja. Tukifika anapopaita Mlowo, hata kama kiooni ni mji wa mapaa mekundu kando ya mto ulioganda, hunigeukia akasema, "Restuta, Mlowo hii."

Ndilo jina langu. Kwa siku nzima nalisikia mara moja, hapo. Stesheni inayofuata ni Vwawa, na tukifika huko nimeshakuwa mama tena.

Mlowo ndipo tulipoonana. Nilikuwa msichana nikiuza viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kapu, na siku hiyo abiria mmoja alilivuta kapu zima dirishani ili achague vizuri, akachagua na kuchagua mpaka filimbi ikalia. Nikaanza kukimbia kando ya behewa. Gadi alikuwa ameshakunjua bendera. Aliponiona akaikunja tena, akaibana kwapani, akasimama. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Abiria wakatoa vichwa nje na kumtukana. Hakusogea mpaka kapu liliporudi mikononi mwangu. Baadaye nilikuja kuliona lile daftari lake la safari, na kwa mwandiko wake uliolala ameandika: "Mlowo. Kuchelewa dakika nne. Sababu: kapu."

Kwa hiyo mtu akiniambia televisheni ni anasa, namwacha aseme.

Sisi tunakaa Nanyala, nyuma kidogo ya barabara kuu, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo Osea aliijenga alipostaafu. Walipopitisha waya wa intaneti kando ya barabara, ule mwembamba ambao ndani yake hupita mwanga, mwanangu Jastin anayefanya biashara Nakonde alisema nasi tuunganishwe. Akaja fundi wa kampuni, Rabson, mtu mtaratibu anayevua buti mlangoni, akaleta vitu viwili: ruta, kisanduku cheupe cha kugawa intaneti, na king'amuzi, kisanduku cheusi cha televisheni. Waya wa mwanga akauingiza kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta akatoa waya mwingine, akaupeleka kwenye king'amuzi.

"Televisheni yako, mama, haishuki kutoka angani kama ya wenye madishi," aliniambia. "Inapita humu."

King'amuzi kina taa moja usoni. Ikiwa ya kijani, picha ipo. Ikiwa nyekundu, hakuna kitu.

Alipoondoka nikaitazama ile ruta, imekaa uchi juu ya meza. Kwetu hakuna kitu cha maana kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata mtungi wa gesi una sketi. Nikatafuta uzi wa kijani, nikaifumia nguo. Haukupita mwezi intaneti ikaanza kukatika. Rabson akaja, akaigusa, akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria jikoni.

"Mama! Umeivalisha sweta!"

"Baridi ya Mbozi si unaijua."

"Hii inataka kupumua. Ivue, itaungua."

Sikuivua moja kwa moja. Niliifumua, nikaifuma upya, safari hii wavu mtupu juu na ubavuni, matundu makubwa ya kupitisha hewa. Upande wa nyuma peke yake ndio nilifuma kwa kubana ili nguo ishike, nikaacha mianya mitatu iliyo wazi kwa chini, kila mmoja mbele ya waya wake: wa umeme, wa mwanga, na ule unaokwenda kwenye televisheni. Nilipima kwa kidole, nikafuma, nikakosea, nikafumua, siku tatu. Rabson alipokuja kuiona alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakunikataza tena.

Sasa, mjukuu wangu Atuganile, binti wa Jastin, anaishi nasi tangu babu yake aanze kupotea. Kazi yake ni ya masikio. Watu wa mbali humtumia sauti za mikutano yao kwa intaneti, naye huzisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Chumba chake kiko mwisho wa nyumba, kuta tatu nene kutoka sebuleni, na intaneti ilikuwa ikifika huko imechoka. Basi akawa anafanyia kazi barazani, amejifunika blanketi, malori ya Zambia yakipita barabarani na kuingia ndani ya mikutano ya watu.

"Bibi, leo nimeandika mwenyekiti ameguna," alinieleza siku moja, "kumbe ni breki za lori."

Mwezi wa kumi alikwenda Tunduma akarudi na boksi. Ndani yake kulikuwa na ruta nyeusi yenye mikono minne imesimama juu, kama panzi aliyelala chali.

"Hii, Bibi, itapiga mpaka kwa mchungaji."

"Na televisheni ya babu yako?"

"Intaneti ni intaneti. Ukibadilisha ndoo, si maji ni yaleyale?"

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na wakati ule ndoo ndizo zilikuwa ndoo.

Jumamosi saa sita mchana akaanza kazi. Alivuta nyaya zote kutoka kwenye ruta nyeupe, akaivua nguo yake, akanipa. Ilikuwa na vumbi la Oktoba, nikaipeleka nje nikaiosha na kuianika kambani. Niliporudi, panzi alikuwa ameshakaa mezani na taa zake zinameta, na Atuganile yuko chumbani kwake mwisho wa nyumba anapiga vigelegele peke yake.

"Inafika, Bibi! Inafika na chenji!"

Nilifurahi naye, nisiseme uongo. Nilipika chai, tukanywa. Hakuna kati yetu aliyewasha televisheni mpaka Osea alipotoka chumbani saa kumi kasoro dakika tano, amenawa uso, koti limefungwa vifungo. Akaketi. Nikabonyeza rimoti.

Kioo kilikuwa cheusi, na maneno madogo katikati kwamba hakuna mawasiliano. Chini yake, usoni pa king'amuzi, taa nyekundu.

Osea aliitazama taa ile kwa muda.

"Nyekundu," akasema.

"Babu, subiri kidogo tu, narekebisha," alisema Atuganile, ameshapiga magoti nyuma ya meza.

"Signali ikiwa nyekundu, binti, abiria harekebishi. Rudi ukae."

Atuganile akachomoa, akachomeka, akazima, akawasha. Taa ileile. Mwisho akampigia Rabson simu, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie. Rabson alikuwa msibani Igamba. Nyuma yake tulisikia kwaya.

"Umetoa ruta yetu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Dada, televisheni inaijua ruta ya kampuni tu. Hiyo ya Tunduma ni mgeni, hana barua ya utambulisho."

"Basi nimwandikie barua!"

"Siyo wewe wa kuandika, ni kampuni, na kampuni haiandiki. Rudisha ya kwetu, kila waya pale ulipokuwa. Mimi huku mpaka Jumatano."

Kila waya pale ulipokuwa. Atuganile akaigeuza ruta nyeupe. Waya wa mwanga ulikuwa na mahali pake pa pekee, na wa umeme vilevile. Lakini kwa ajili ya waya wa televisheni kulikuwa na matundu manne yaliyopangana, yanafanana kama mapacha, na hakukumbuka lilikuwa lipi. Akajaribu la kwanza. King'amuzi kile ukikisumbua huzimika, na kuamka kwake huchukua robo saa nzima, kinameta na kufikiri. Tukangoja. Kikaamka chekundu. Akahamishia la pili. Tukangoja tena, na kabla hakijamaliza kuamka, umeme ukakatika Nanyala nzima.

Hata taa nyekundu haikuwepo.

"Ni umeme, Baba Jastin," nilimwambia. "Umekatika. Njoo tule."

Osea hakugeuka. "Signali iliyozimika huhesabiwa nyekundu," alisema polepole, kama anayesoma ukutani. Nami najua hakuitunga. Imo katika kitabu chao cha kanuni, nilikuwa nikimsomea jioni alipokuwa anajiandaa na mtihani wa kupanda cheo, mimi na mimba ya Jastin, yeye akijibu amefumba macho.

Nilimletea ugali na mboga ya maboga. Hakugusa.

"Asante, mama," aliniambia kwa upole. "Siwezi kula njiani, treni imesimama na watu. Wewe rudi behewani, hapa si salama."

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta palepale, na blanketi nililomfunika limeanguka miguuni. Uji akaukataa. Dawa zake za presha ni za kumeza baada ya chakula, nazo akazisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Alikunywa maji tu. Umeme ulikuwa haujarudi. Atuganile akaenda kanisani, mimi nikabaki, nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, na kapu langu la nyuzi.

Jua la asubuhi liliingia, likapita juu ya zulia, likapanda ukutani mpaka kwenye picha yetu ya harusi tukiwa nje ya kanisa la Mbozi Mission, mimi nimeshika maua ya karatasi. Vumbi lilielea ndani ya mwanga ule taratibu kama theluji ya kwenye kipindi. Nikaona kama nyumba yenyewe imesimama katikati ya njia, mbali na stesheni yoyote, nyasi ndefu pande zote, abiria wamelala, na mbele huko kuna taa ambayo haibadiliki. Nami nimo ndani ya treni hiyo, nimekaa karibu kabisa na gadi, na gadi hanijui. Nilifuma mistari sita, nikaifumua yote. Sikuogopa giza wala kioo cheusi. Niliogopa kwamba atabaki pale kwenye signali, asile, asisogee, na kwamba ile safari ya kila siku, saa moja tu, ambayo ndani yake mimi huwa naitwa jina langu, imekwisha siku ya juzi bila mimi kujua kuwa ndiyo ya mwisho.

Atuganile alirudi kanisani, akamkuta babu yake vilevile. Akasimama mlangoni anakunja kitenge chake, anakikunja na kukikunjua.

"Bibi, umeme ukirudi tunabaki na ruta ya kampuni. Nitapapasa matundu mpaka nilipate. Hii mpya naifunga kwenye boksi lake."

"Na kazi yako?"

"Nitatafuta chumba Tunduma." Alisema akitazama sakafu. "Ni moja kati ya mawili. Nitakuwa nakuja Jumamosi."

Nilimwambia amwangalie babu yake, nikatoka kwenda nyuma kwenye kahawa, maana pale ndipo kifua changu hupata nafasi.

Mwaka ule, baada ya mavuno, tulikuwa tumekata mibuni ya zamani, ile aliyoipanda baba mkwe. Ilikuwa imezeeka, matawi marefu, buni chache. Hatukuing'oa. Kwetu mbuni mzee hukatwa chini, ukabaki kisiki cha kufika gotini, na ubavuni mwa kisiki hutoka chipukizi jipya ambalo baada ya miaka miwili mitatu linazaa. Ila kila kisiki tulikiachia shina moja, jembamba, lenye majani yake. Watu wasiojua wakipita huuliza kwa nini tumelisahau. Hatukulisahau. Lile ni shina la kupumulia. Ukikata yote kwa mpigo, mzizi unashtuka na kufa. Lile shina moja la zamani linaulisha mzizi, hata kama lenyewe halina buni za maana tena, na chipukizi linapata pa kunyonya.

Nilisimama mbele ya kisiki kimoja, nikakigusa. Ubavuni mwake kulikuwa na machipukizi mawili, ya kijani laini, madogo kama masikio ya panya. Juu yake lile shina la zamani linatikisika na upepo. Halafu nikageuka, nikarudi nyumbani haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu.

"Atuganile! Hii mpya, haiwezi kunyonya kwenye ile ya zamani?"

"Kunyonya vipi, Bibi?"

"Ile nyeupe ibaki mezani kwake. Waya wa mwanga uingie kwenye hiyohiyo, televisheni ishike hiyohiyo inayoijua. Halafu utoe waya ubavuni, umpe huyu panzi, umpeleke chumbani kwako. Kama mbuni na chipukizi lake."

Nikaona midomo ya Atuganile inakwenda bila sauti, kama anapofuata maneno ya mikutano.

"Ruta nyuma ya ruta," akasema. "Inawezekana. Bibi, inawezekana kabisa. Waya mrefu ninao. Mimi nilikuwa nimekazana kung'oa."

"Nani alikufundisha kung'oa, wewe mtoto wa wakulima wa kahawa?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Na bado anacheka, friji ikaguna jikoni. Umeme umerudi. Nikatazama saa ya ukutani: saa kumi kasoro robo.

Osea aliinua kichwa. Taa ya king'amuzi ilikuwa imewaka, inameta nyekundu.

"Robo saa kuamka," alinong'ona Atuganile. "Na kipindi saa moja tu. Nikikosea tundu mara mbili tatu, nusu yake imekwenda. La kwanza silo. La pili umeme ulikatika, sijui. La tatu, la nne. Bibi, nianze na lipi?"

Nikatazama ile ruta nyeupe, mgongo wake na yale mapacha manne. Imekaa uchi. Ndipo nikakumbuka.

Nilitoka uani, nikaichukua nguo yake kambani. Ilikuwa imekauka, ina harufu ya sabuni na jua. Nikaja nikaivalisha ruta, polepole, nikavuta kona moja baada ya nyingine mpaka ikakaa sawasawa kama nilivyoipima siku zile tatu. Nikaigeuza mgongo.

"Tazama hapa. Mwanya huu ni wa umeme. Huu wa mwanga. Na huu hapa, mwisho kabisa kulia. Sikuacha mwanya mahali popote ila palipokuwa na waya."

Mwanya ule wa tatu ulikuwa umekaa juu ya tundu la nne, pembeni kabisa, na tundu linachungulia kama jicho kwenye shela. Yale mengine matatu yalikuwa yamefunikwa na uzi.

"Una uhakika, Bibi?"

"Mjukuu wangu, nimeufumua mgongo huo mara tano."

Akachomeka. Waya wa mwanga ulikuwa mahali pake tangu jana. King'amuzi kikazimika, kikaanza kumeta. Atuganile alitaka kuunganisha panzi hapohapo, nikamshika mkono. "Kwanza shina. Chipukizi baadaye." Nikaivua ile nguo isije ikavuta waya, nikakaa nayo mapajani.

Tukangoja watatu, mbele ya kioo cheusi ambacho ndani yake tulijiona tumekaa safu moja, kama abiria wa usiku wanaojitazama dirishani. Saa ya ukutani ikagonga saa kumi. Taa bado inameta. Dakika moja. Lori likapita barabarani. Dakika ya pili. Sikuomba kwa maneno, ila nilihesabu matundu ya uzi kwa kidole gumba, moja, moja, moja.

Osea ndiye aliyeona kabla yetu. Alisimama.

Taa ilikuwa ya kijani.

Kisha kioo kikafunguka, na theluji ikaingia sebuleni kwetu. Treni ilikuwa imesimama kwenye stesheni ndogo ya mbao, hakuna mtu, chembe za theluji zinashuka taratibu mbele ya dirisha la dereva. Mwanga wake mweupe ulitufika usoni wote. Nikatazama saa. Saa kumi na dakika nne.

Osea alikuwa anapapasa kwapani, anapapasa mfuko wa koti, anatafuta. Macho yake yakaja mapajani kwangu. Akanyoosha mkono, akachukua ile nguo ya ruta, ya kijani, akaikunjua ikaning'inia. Lakini hakuinua mkono. Aliikunja tena kwa uangalifu, akaibana kwapani, akasimama.

"Babu," alisema Atuganile kwa sauti ndogo, "kijani hiyo. Ondoka."

"Bado," alijibu Osea. Alikuwa anatazama pembeni mwa kioo, mbali, kule ambako sisi tuliona kabati tu. "Kuna binti anakimbia pale. Kapu lake limebaki dirishani."

Nilisimama. Sakafu ilikuwa inatetemeka, na nadhani nilisikia harufu ya viazi vitamu vya moto na ya reli iliyopigwa jua. Niliokota kapu langu la nyuzi chini ya kochi, nikalishika kwa mikono miwili mbele yake.

"Nimelipata, gadi," nikasema. "Hili hapa."

Akainama akachungulia ndani ya kapu, akaona madonge ya uzi, mekundu, meupe, ya manjano. Akaridhika. Akanitazama usoni, vile alivyonitazama siku ile, macho ya mtu aliyetukanwa na treni nzima na wala hajali.

"Unaitwa nani?"

"Restuta."

"Restuta," akasema, kana kwamba anaandika.

Ndipo akainua mkono na ile nguo ya kijani, juu kabisa, akaishusha. Na kiooni, sijui nikueleze vipi, ile stesheni ya mbao ikaanza kusogea, polepole, ikapita ubavuni, ikabaki nyuma. Treni ilikuwa imeondoka.

Osea akakaa. Akapumua kwa nguvu. "Njaa," akasema, na mimi nikamletea viazi, maana ugali ulikuwa umeshapoa na viazi vilikuwa tayari jikoni tangu asubuhi. Alikula vinne, akameza na dawa zake bila maneno, macho yako kwenye reli.

Atuganile alikuwa ameshapotea na waya wake mrefu. Nilimsikia darini, nikamsikia chumbani kwake, anaburuta meza. Kabla hajachomeka mwisho wa waya kwenye tundu la kwanza la ruta nyeupe alinitazama, nami nikaitazama taa ya king'amuzi. Akachomeka. Kijani haikutikisika. Baada ya muda sauti yake ikaja kutoka mwisho wa nyumba, kupita kuta tatu.

"Bibi! Imeshika! Naweza kufunga mlango!"

Ile nguo ya kijani Osea hakuirudisha. Imo ndani ya koti lake, mfuko wa kushoto, na sina mpango wa kuidai. Nimeanza kufuma nyingine, yenye mianya minne sasa, mmoja wa chipukizi. Atuganile amenikataza kabisa kumgusa panzi wake. Lakini nimeshampima mkono mmoja kwa macho, yeye akiwa bafuni.

Jioni ile kipindi kilikaribia mwisho na jua la Nanyala lilikuwa limefika kwenye theluji, likaifanya ya dhahabu. Stesheni moja ilikuwa inakuja mbele, taa zake zimeanza kuwaka. Mimi nilikuwa ninaokota maganda ya viazi mezani, sitarajii kitu; langu la siku nilikuwa nimeshapata.

"Restuta," alisema Osea nyuma yangu. "Acha hayo, njoo ukae. Vwawa hii."